Mpimeni Mzee Kabla ya Kusema ni Uzee

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Na Wakurugenzi wa Jiji na Manispaa zote za mkoa.

Waheshimiwa,

Salaam. Walionizidi umri, shikamooni.

Nina duka la dawa Tandika, na nyumbani namlea baba yangu mzazi ambaye ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu kidogo kidogo. Nawaandikia kwa sababu ya sentensi moja ambayo familia nyingi za mji huu zimerudishwa nayo nyumbani: "Mama, huo ni uzee tu." Sisi tuliambiwa hivyo kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Tulikuwa dirisha la wazee, chini ya bango linalowahimiza watu wampishe mzee apate huduma kwanza, na kusema haki, tulipishwa. Baba alipimwa presha, akapimwa sukari, akaandikiwa dawa. Nilipoeleza kwamba anapotea njia ya msikiti anaosali tangu mimi sijazaliwa, na kwamba anaweza kuuliza swali lilelile mpaka chai ikapoa, nikajibiwa hivyo. Hakuna aliyemuuliza leo ni siku gani.

Ombi langu kubwa ni hilo. Mzee akiletwa kwa tatizo la kusahau, apimwe kusahau. Mengine nitakayoyaandika humu yote yanategemea hapo, maana mtu ambaye hajapimwa hana ugonjwa kwa macho ya serikali, na asiye na ugonjwa hana haki ya kudai chochote.

Uzee unasahaulisha, sibishi. Mzee mwenye afya yake anaweza kusahau jina la mpangaji wa zamani, halafu usiku wa manane likamjia akacheka peke yake. Mwenye ugonjwa huu anadai chakula cha mchana wakati sahani aliyolia bado iko mbele yake. Tena ngoja niwakumbushe asili ya jina lenyewe. Mwaka 1901 huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama mmoja aitwaye Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kuanza kumshuku mumewe. Alifariki mwaka 1906, na mwaka huohuo daktari akasimama mbele ya wenzake kueleza alichokiona kwenye ubongo wake kwa darubini. Mama huyo alipolazwa alikuwa na miaka 51. Kwa Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayohesabu mzee kuanzia miaka 60, asingepewa hata nafasi ya kukaa kwenye lile dirisha tulilokaa sisi. Mgonjwa wa kwanza kabisa wa ugonjwa huu hakuwa mzee, halafu sisi tunauita uzee.

Alichokiona daktari yule ndicho kinachoonekana mpaka leo. Kuna protini iitwayo amiloidi inayoganda nje ya chembe za ubongo, na nyingine iitwayo tau inayojisokota ndani ya chembe zenyewe, na chembe zinakufa kidogo kidogo. Kazi hiyo huanza kimyakimya miaka kumi na tano au ishirini kabla ya dalili ya kwanza. Mara nyingi huanzia kwenye sehemu ndogo ya ndani, usawa wa masikio, inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mgonjwa anafanana na daftari la mkopo la duka la zamani: kurasa za mwanzo zinasomeka vizuri, za juzi hazina kitu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Muulize kuhusu foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya themanini, atakueleza nani alisimama mbele ya nani. Muulize kaunda suti inakatwaje, atakupima mabega kwa macho na kukwambia kitambaa mita ngapi. Mpe sindano na uzi, anatunga bila miwani, anakunja pindo, anapiga mshono wa mkono ulionyooka kuliko wa mashine yangu. Kumbukumbu ya mikono inakaa sehemu nyingine ya ubongo, na ugonjwa unachelewa kufika huko. Kisha anainua kichwa, anamtazama mjukuu aliyemletea maji na kuniuliza kwa adabu kabisa, "Huyu mtoto wa nani?"

Watu wanaomwona akishona wanasema hana ugonjwa wowote, anajifanya. Na mimi siwalaumu, kwa sababu hata aliyevaa koti jeupe hakuwaambia tofauti.

Sasa nije kwenye sababu inayonifanya nisikubali neno "uzee tu", hata kwa watu ambao hawana Alzheimer. Si kila anayesahau ana ugonjwa usiotibika. Tezi ya shingo ikipunguza kazi, mtu anapooza akili. Upungufu wa vitamini B12 unafanya hivyo. Kaswende ya zamani ambayo haikutibiwa inapanda kichwani, na VVU vilevile. Sonona kwa mtu mzima inafanana sana na kusahau, hasa kwa mjane au mgane. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa bibi wa miaka 75 yanaweza yasimletee maumivu yoyote, yakamletea kuchanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Halafu kuna hili la mji wetu: mzee anaguswa na bodaboda, anaanguka, anajipangusa vumbi, anasema yuko salama. Wiki kadhaa baadaye anaanza kusema ovyo na kuyumba. Damu imekuwa ikivia polepole kati ya fuvu na ubongo. Picha ya kichwa inaionyesha, na daktari wa upasuaji wa ubongo anaweza kuitoa, mgonjwa akarudi kuwa yeye. Mtu huyo akirudishwa nyumbani kwa maneno ya "uzee tu" anaweza kufa, na kwenye msiba watasema alikuwa amezeeka.

Najua mtakachosema: madaktari bingwa wa mfumo wa fahamu na wa afya ya akili ni wachache, Muhimbili imelemewa, mashine za picha ni ghali. Yote kweli. Lakini hatua ya kwanza haihitaji bingwa wala umeme. Na ushahidi wake hatukuuagiza nje, umetoka hapahapa. Mwaka 2009 hadi 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Walikuta dimensia, yaani kundi la magonjwa ya kupoteza uwezo wa akili ambalo Alzheimer ndiyo kubwa zaidi, kwa kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kusawazisha umri. Baadaye kikatengenezwa na kujaribiwa hukohuko kipimo kifupi kwa ajili ya watu ambao hawakusoma. Mzee anasomewa orodha ya maneno kumi, baadaye anaulizwa anayoyakumbuka. Anatajiwa daraja, aeleze ni nini. Ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Leo ni siku gani? Kiongozi wa kijiji ni nani? Mwisho anaonyeshwa mchoro wa vijiti vya kiberiti na kuambiwa aupange vilevile. Kipimo cha kiberiti, waheshimiwa! Muuguzi yeyote wa zahanati anaweza kukifanya baada ya kufundishwa kidogo, na kinamwonyesha nani apelekwe mbele kwa vipimo vya damu na picha.

Mahali pa kukiweka pia papo. Hospitali za rufaa za Temeke, Amana na Mwananyamala, vituo vya afya, hata zahanati kubwa zina siku za kliniki ya presha na sukari. Wanaohudhuria ni haohao wenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu presha na kisukari vinaharibu mishipa midogo ya ubongo. Kila aliyefika miaka 60 aulizwe mara moja kwa mwaka, na ndugu aliyemsindikiza aulizwe pembeni, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi atakwambia hana tatizo lolote na atakuambia kwa kujiamini. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakitarajiwa kufika zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hawa wanaingia majumbani. Wanajua nyumba yenye mtoto ambaye hajachanjwa, wakifundishwa watajua pia nyumba yenye bibi anayefungiwa chumbani.

Hapo kwenye kufungiwa nisiwaonee ndugu zangu. Mlezi anayetoka alfajiri kwenda sokoni, na mzee wake usiku uliopita aliwasha jiko la gesi akaenda kulala, atafanya nini? Anafunga mlango, anamwachia jirani ufunguo, anashinda na wasiwasi.

Dukani kwangu wanakuja hasa jioni. "Dada, nipe kitu cha kumlaza mama, hatulali." Wengi wanataja wenyewe Piriton, kwa sababu wanajua inalewesha. Dawa hiyo ya mafua na kuwashwa inazuia kemikali ileile ya ubongo ambayo kwa mgonjwa wa Alzheimer tayari imepungua, kwa hiyo mzee analala kwa masaa mawili, anaamka amechanganyikiwa mara mbili ya alivyokuwa, na mkojo unaweza kugoma. Nawaambia, wengine wananisikia, wengine wanavuka barabara kununua duka jingine. Wanaofika hospitalini nao mara nyingine wanarudi na sindano au vidonge vya kutuliza vya wagonjwa wa akili. Marekani wenye mamlaka ya dawa walitoa onyo kali kuhusu kundi hilo la dawa mwaka 2005 na tena 2008, kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimensia. Zina wakati wake, mgonjwa anapokuwa hatari kwake na kwa wengine, kwa kipimo kidogo na kwa muda. Kuzigeuza kuwa za kila usiku bila kipimo ni jambo ambalo Wizara inaweza kulikemea kwa waraka wa ukurasa mmoja. Na sisi wauzaji wa dawa mtuite semina. Tunaitwa kwa malaria, tuitwe na kwa hili.

Dawa za kuponya Alzheimer hazipo. Donepezili na wenzake, zilizoanza kutumika miaka ya tisini, zinampa mgonjwa nafuu ya muda, si wote. Hizi mpya za dripu, kama lekanemabu iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, zinapunguza kasi kwa walio hatua za mwanzo tu, na zinataka picha za MRI za mara kwa mara kwa hofu ya ubongo kuvimba au kuvuja damu. Sijaandika barua hii kuziomba. Nikiwa na shilingi moja ya serikali mkononi, naipeleka kwenye vijiti vya kiberiti kwanza.

Lakini mnaweza kuniuliza, kama dawa hakuna, kupima kuna faida gani? Faida ya kwanza nimeshaisema: wanaotibika wanapatikana. Nyingine ni kwamba mlezi anabadilika. Kabla sijaelewa huu ugonjwa ni nini, nyumba yetu ilikuwa ya mabishano. Jua likianza kuzama, adhana ya magharibi ikikaribia, Baba anavaa viatu na kusema anarudi kwao Kilwa Kivinje, mama yake anamsubiri. Mwanzo tulikuwa tunamwambia, "Baba, bibi alishafariki." Kila alipoambiwa alilia msiba upya, kama ndiyo kwanza ameletewa habari. Hali hii ya kuchafuka jioni inajulikana kwa madaktari, na ni dalili ya ugonjwa, si ukaidi. Siku hizi namwambia, "Haya, twende." Tunazunguka nyumba, tunapita kwa muuza maandazi, namuuliza Kivinje kuna samaki gani msimu huu, tunarudi, anavua viatu. Taa tunawasha mapema kabla vivuli havijaingia ndani. Hakuna hospitali iliyotufundisha haya. Tuliyapata kwa kusoma na kwa walezi wenzetu, wakati ilitakiwa tupewe kwenye karatasi siku ya kwanza, pamoja na ile ya dawa za presha.

Faida nyingine inahusu mihuri ya serikali za mitaa. Nyumba nyingi za Temeke ni za wazee, na mauziano yake yanaandikwa na kushuhudiwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee asiyejua leo ni siku gani anaweza kuwekewa karatasi mbele, akaweka dole gumba kwa tabasamu. Hati ya kumpa mtoto uwakilishi inatakiwa isainiwe na mtu anayeelewa anachosaini. Kwa hiyo familia ikijua mapema, mzee anapanga mwenyewe mambo yake akiwa bado na maneno yake, anasema nyumba iwe ya nani na nani amshikie pesa. Ikijua kwa kuchelewa, kinachobaki ni mahakama, madalali na ndugu kutoleana macho. Naomba wenyeviti wa mitaa waelekezwe: mzee akionekana amechanganyikiwa, muhuri usigongwe mpaka kuwe na barua ya daktari. Na benki na mitandao ya simu wafikiriwe pia. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" kwa kijana ni kichekesho, ila mzee wa aina hii anatii. Jirani yangu mwalimu mstaafu yeye alihangaika na uhakiki wa wastaafu, alama za vidole hazisomi na maswali hayajibu. Afuatwe nyumbani, basi.

Nije kwenye siku Baba alipopotea. Alitoka asubuhi wakati dada wa kazi anafua, akashika njia ya Kariakoo kwenda kufungua duka ambalo lilishavunjwa na kujengwa ghorofa. Nilikimbilia kituo cha polisi, nacho sikitaji. Afisa wa zamu hakuwa mkali hata kidogo, alinipa kiti, halafu akaniambia nisubiri saa ishirini na nne zipite ndipo taarifa iandikwe. Saa ishirini na nne, kwenye jua la Januari, mtu wa miaka themanini, bila maji, barabara ya malori! Waliompata ni vijana wa samani wa Keko. Walimwona anasimama kila duka akiuliza cherehani yake, wakamkalisha kwenye kochi jipya la kuuza, likiwa bado na nailoni, wakamnunulia soda. Mmoja wao alikuwa kwenye kundi la simu la madereva wa bodaboda ambako picha ilishafika kutoka kwa wale wa kijiwe chetu. Msikitini walishatangaza, kanisani walishatangaza. Mji wa watu zaidi ya milioni tano ulimtafuta Baba kabla ya saa sita mchana, na chombo pekee ambacho kilikuwa hakijaanza ni kile chenye redio za mawasiliano na magari.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, hili ni la kwako na halihitaji bajeti. Toa maelekezo kwamba mzee anayesahau akipotea, taarifa ipokewe papo hapo, isambazwe kwa vituo vya jirani, kwa wenyeviti wa mitaa, kwa vijiwe vya bodaboda na bajaji, na kwa vituo vya mwendokasi. Sisi familia tuna sehemu yetu. Baba sasa ana kipande cha kitambaa chenye namba zetu za simu ndani ya kola ya kila shati. Nilimpa vile vitambaa na mashati, akavishona vyote kwa mkono, mshono wa kujificha, hakuuliza ni vya nini.

Na kuna wanaopotea ambao hawakalishwi kwenye kochi. Mmeshasikia, kama nilivyosikia mimi, habari za bibi aliyekutwa alfajiri kwenye uwanja wa nyumba ya watu, hana nguo, hajui ametokea wapi, watu wakajaa wakisema mchawi amedondoka na ungo. Watu wanapiga picha, wengine wanaokota mawe. Sisemi kila kisa nakijua undani wake. Nasema tu kwamba kuamka usiku, kuvua nguo, kutoka nje na kushindwa kueleza unapotoka ni dalili zinazoandikwa kwenye vitabu vya ugonjwa huu, na mtu wa kwanza kufika pale angekuwa mjumbe au askari anayezijua, bibi angefunikwa khanga na kupelekwa hospitali. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Tusijione Dar tumestaarabika sana.

Kinga nayo ipo, kwa sehemu. Jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet mwaka 2024 lilitaja vihatarishi 14 ambavyo vikidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Humo mna presha, kisukari, sigara, pombe, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, upweke, kukosa shule utotoni, na hewa chafu. Kampeni ya nishati safi ya kupikia mnaipigia debe kwa ajili ya mapafu na misitu, iongezeeni na ubongo. Na yule bibi anayeambiwa "anajifanya hasikii" atazamwe masikio, huenda ni nta tu.

Waheshimiwa Wakurugenzi, mimi sijui kama mnafahamu nani hasa anabeba mzigo huu. Ni binti. Mara nyingi ni yule ambaye hajaolewa, au aliyeachika, au mwenye kibiashara kidogo ambacho ndugu wanaona kinaweza kusubiri. Chini yake kuna dada wa kazi wa miaka kumi na minane kutoka mkoani, aliyeajiriwa kufagia na kupika, ambaye sasa anambadilisha pampasi mtu mzima anayempiga akidhani ni mwizi. Kaka zetu wanatuma pesa, Mungu awabariki, na kupiga simu kuuliza kwa nini mzee amekonda. Pampasi za watu wazima zinauzwa bei ya kumkondesha mlezi vilevile. Zanzibar tangu mwaka 2016 inampa kila aliyefika miaka 70 pensheni jamii, bila kuuliza kama alikuwa mtumishi. Huku Bara fundi cherehani aliyevalisha nusu ya Kariakoo hana kitu, labda kaya yake iwe maskini kiasi cha kuingia TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Hilo ni la Bunge, nalijua, lakini nyie ndio mnaokaa nao.

Ninachowaomba nyie ni kidogo zaidi. Kila kata ina ukumbi au darasa linalokaa tupu asubuhi. Tupeni siku mbili kwa wiki, muuguzi mmoja na afisa ustawi wa jamii mmoja. Wazee wetu waje wacheze bao, wachambue mchele, washone, wasikilize taarabu ya zamani. Watu wasiokumbuka majina ya watoto wao wanaimba beti nzima, mtashangaa. Sisi walezi tupate masaa manne ya kwenda sokoni, benki, au kulala tu. Haiwi hospitali wala kambi ya wazee. Mzee analala kwake, na ndivyo watu wetu wanavyotaka.

Shirika la Afya Duniani linasema waliokuwa na dimensia mwaka 2021 walikuwa milioni 57, zaidi ya asilimia 60 wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Sisi ndio hao. Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, mtapanda jukwaani na fulana zitagawiwa. Kabla ya hapo naomba majibu ya maandishi kwa mambo matatu. Wizara ya Afya: maswali ya kumbukumbu yanaingia lini kwenye kliniki za presha na sukari, na kwenye mafunzo ya wahudumu wa jamii? Mkuu wa Mkoa: maelekezo kwa polisi na mitaa yanatoka lini? Wakurugenzi: ukumbi wa kwanza ni wa kata ipi?

Kama Temeke watakubali kutangulia, mikeka, bao na cherehani moja ya mkono tunayo. Muuguzi tu ndiye hatuna.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la dawa,
Tandika, Wilaya ya Temeke,
Dar es Salaam.

Nakala: Wabunge wa majimbo ya Dar es Salaam, wenyeviti wa mabaraza ya wazee ya kata, vijana wa samani, Keko, kwa shukrani.